Aya ya Saba ya Karatasi ya Mashua

Élisabethville, Alhamisi, mwezi wa kumi. Saa sita na nusu mchana.

Mvua bado. Joto limekaa juu ya mabati tangu saa tatu na halina nia ya kuondoka. Moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha kuyeyushia shaba leo umelala chini, unaingia hata humu ofisini, na kila nikimeza mate nasikia ladha ya ufunguo mdomoni.

Mabwana wamekwenda kula na kulala. Hadi saa nane hakuna atakayeniita. Nimefunga mlango. Mezani pana vitu vitatu: daftari kubwa la kazi za karakana, karatasi ya Kifaransa iliyokunjwa mara nne, na buku la kazi la Kabange.

Sitaki kuvitazama. Ndiyo maana naandika hapa kwanza, katika shajara yangu.

Buku la mtu ndilo mji wake. Bwana akiandika humo neno baya, hakuna bwana mwingine atakayemchukua. Asiye na kazi hana nyumba, na asiye na nyumba hupandishwa gari moshi arudi kwao na masanduku yake na watoto wake, hata kama kwao hajapaona kwa miaka ishirini. Kabange ni seremala wetu. Alikuja kutoka kaskazini akiwa kijana, pamoja na baba yake aliyetandika reli. Ana mke, ana watoto sita, ana kiti chake kanisani karibu na nguzo ya pili. Saa nane nitakuwa nimeandika katika buku lake maneno ambayo bwana wa karakana ameniachia kwenye kipande cha karatasi: amefukuzwa kwa kuharibu mali ya mteja kwa makusudi.

"Andika na ule mwandiko wako mzuri," aliniambia akitoka. "Mimi nitatia sahihi tu."

Huyu bwana tunamwita Bwana Haraka, nyuma yake. Hatii sahihi kitu alichokisoma. Hana wakati.

Niandike basi mambo kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa.

Jana lori lilileta mashua kutoka Kilwa, kile kijiji cha ziwa Mweru. Ni mashua ya alumini, ndefu, nyepesi, ya wakili mmoja anayekaa Golf, mtaa wa wazungu, ambaye huenda ziwa Mweru kuvua samaki. Jumamosi iliyopita, akiwa mbali na ufuko, ubao wa nyuma uling'oka. Ubao huo ndio unaobeba mota. Mota hubana juu yake na kuusukuma mchana kutwa. Uling'oka upande mmoja, mota ikazama, na mashua ikaanza kunywa maji kwa nyuma. Wakili na mtumishi wake walining'inia ubavuni mpaka wavuvi wa mtumbwi walipowafikia. Hakuna aliyekufa. Lakini wakili amekuja hapa na hasira ya mtu aliyekufa kidogo.

Ubao ule aliuweka Kabange. Mwaka jana, mwezi kama huu.

Asubuhi niliitwa uani na daftari langu, niandike kila kitakachoonekana wakati wa kuufungua. Bwana Haraka alisimama upande mmoja, wakili upande wa pili, na mafundi nyuma. Kabange mwenyewe ndiye aliyeamriwa kufungua. Alivitoboa vichwa vya ribiti, misumari ile inayokaza ubao kwenye bati, kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu anayevua viatu vya maiti. Kisha akaingiza patasi na kuuvuta ubao.

Ulitoka mzima. Ubao wa mti wa mulombwa, mwekundu, mgumu, bila tundu la mchwa, na ndani ya nyuzi zake rangi ya buluu ya dawa ya mchwa bado ikionekana. Kabange akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Basikie," alisema. "Mbao iko muzima. Mbao ya miye haikufa."

Wakili alisogea. Aliweka dole gumba kwenye alumini, pale ribiti ilipokuwa, akasukuma kidogo. Dole likapita upande wa pili. Bati lilikuwa limegeuka kuwa unga mweupe, mbichi, kama unga wa muhogo ulionyeshewa. Alijaribu tundu la pili, na la tatu. Kila penye ribiti, na kila mahali ubao ulipolala juu ya bati, palikuwa unga.

Bwana Haraka alikuwa amegeuka rangi ya tofali. Aliuliza ni asidi gani Kabange ametia. Alisema ameiba asidi ya betri kwenye gari. Alisema hii ni siasa, kwamba siku hizi watu weusi wanafundishana kuharibu. Alilipiga teke sanduku la vyombo, randa ikaruka na kuangukia vumbini.

Kabange alienda kuiokota kwanza. Akaipuliza. Ndipo akajibu.

"Bwana, miye haikutia kintu mubaya. Minatia shaba tu. Shaba haikulaka kintu."

Hapo nikaacha kuandika. Kwa sababu mimi nilijua. Katika uwanja mzima, mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Ninarudi nyuma mwaka mmoja.

Mashua ilipofika mara ya kwanza kubadilishiwa ubao, wakili aliileta pamoja na karatasi ya kiwanda. Ukurasa mmoja wa Kifaransa, aya nane, jinsi ya kutoa ubao wa zamani na kuweka mpya. Toa mota. Toboa ribiti, usizing'oe. Tumia ubao wa zamani kama kipimo. Gundisha mbao mbili, nyuzi za mmoja zikate nyuzi za mwingine. Na kadhalika. Bwana Haraka alinipa karatasi akaniambia nishuke nikawasomee mafundi kwa Kiswahili, kisha niandike katika daftari kwamba imesomwa.

Nilishuka. Nilivaa tai. Nilisimama juu ya kasha ili wote wanione, na hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Mafundi wa uani hawanipendi. Mimi ni mtoto wa Kasai, nimesoma kwa mapadri, nakaa kwenye kiti cha karani, na Kiswahili changu ni cha kitabu. Nikisema "watu" wao wanasikia kama natema. Wao wanasema "bantu", na kwa "ndiyo" wanasema "njo", nami, Mungu anisamehe, huwa nawasahihisha. Siku ile nilianza kusoma, na nilipofika kwenye kipimo cha ubao Kabange akaweka nyundo chini.

"Weye Kalani," alisema, "unafundisha miye mbao? Baba yako alishika randa siku gani?"

Wakacheka. Nikaendelea. Aya ya nne, aya ya tano. Fundi mmoja nyuma alianza kuiga sauti yangu, akivuta kila neno kama padri kwenye mazishi. Wakacheka tena. Kabange akasema, bila hata kupandisha sauti, "Mumuache asome. Ni njo kazi yake. Bwana alimununulia kravati, sasa lazima aifanyishe kazi."

Nilisoma aya ya sita. Kisha nikakunja karatasi, nikashuka kwenye kasha na kurudi ofisini. Nikaandika katika daftari: Imesomwa yote kwa mafundi. Nikatia sahihi. Sahihi yenyewe ni nzuri sana. Ipo hapa mbele yangu.

Nimekuwa nikijiambia tangu asubuhi kwamba nilisahau aya mbili za mwisho. Kwamba kelele zilinichanganya.

Si kweli.

Aya ya nane ilikuwa ya rangi tu. Lakini ya saba niliiona. Niliisoma moyoni nikiwa bado juu ya kasha. Ilisema alumini isiguswe na shaba, wala na ubao uliolowekwa dawa ya shaba, kwa kuwa penye maji shaba huila alumini. Nikainua macho, nikaona pipa la maji ya buluu kando ya ukuta, lile la dawa ya shaba, kama ile wanayolowekea nguzo za mgodini zisiliwe na mchwa. Nikaona kwenye meza ya Kabange ribiti alizozifua mwenyewe kutoka fimbo ya shaba, zimepangwa mstari, zinang'aa kama vifungo vya koti la askofu.

Na nikafikiri: je, niseme hapa, katika mji huu, kwamba shaba ni mbaya? Shaba ndiyo iliyotuleta wote. Watu wa Kabange waliyeyusha shaba kabla mzungu hajajua kwamba nchi hii ipo. Mababu zao walitoa misalaba ya shaba kuoa wake. Wangenicheka mpaka kengele ya kutoka kazini.

Hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili sijamwambia mtu, hata kwenye kitubio.

Nilifikiri: acha aharibu. Acha huyu mzee mwenye mdomo aharibu, tuone nani atacheka.

Nimeiandika. Basi.

Sikufikiria ziwa. Sikufikiria kwamba mashua hubeba watu. Ofisini mashua ni mstari mmoja katika daftari. Kabange alifanya kazi yake vizuri kuliko fundi yeyote wa mji huu. Aliloweka ubao siku tatu ili udumu, akaukaza kwa shaba bora aliyoijua, na kila uzuri alioutia ndio uliokula mashua. Wakili mwenyewe alimsifu siku ile. Alipitisha mkono juu ya zile ribiti akasema ni kazi ya sonara.

Saa saba na dakika arobaini. Nina dakika ishirini.

Nikiandika maneno ya Bwana Haraka, hakuna atakayejua. Kabange hajui kusoma. Karatasi ya Kifaransa naweza kuichoma kwenye jiko la chai. Daftari linasema imesomwa yote, basi kosa ni la aliyesikia.

Nikisema, buku langu nalo lipo kwenye mtoto wa meza ya Bwana Haraka. Kalani aliyeandika uongo katika daftari la bwana! Nani atanipa hata ufagio? Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Kwetu Kasai nimebaki na mjomba mmoja tu, asiyejibu barua.

Mimi ni mtu wa kuogopa. Shuleni niliwaogopa mapadri, hapa nawaogopa mabwana, na uani nawaogopa mafundi. Nimejifunza kuandika vizuri ili nisiulizwe maswali. Lakini kuna swali limekaa hapa mezani, ndani ya kijitabu chenye alama za vidole vya gundi, na halihitaji sauti.

Nasikia gari langoni. Wamerudi mapema.

Saa kumi na moja na nusu, nyumbani.

Jua bado lipo juu ya miti ya jakaranda. Mke wangu ananitazama kutoka jikoni. Nimemwambia nitamweleza nikimaliza kuandika. Anasonga bukari, ugali wetu, kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

Nilikuwa nimepanga kumwambia Bwana Haraka ofisini, kwa sauti ndogo, sisi wawili. Nilikuwa hata nimetunga sentensi ya kwanza kwa Kifaransa, yenye "kwa heshima zote" mara mbili. Lakini hakupanda ofisini. Alikwenda moja kwa moja uani pamoja na wakili, akapiga makofi, akawaita mafundi wote wakusanyike, kisha akaniita kwa dirisha nishuke na buku.

Nilishuka nalo. Ukurasa ulikuwa mweupe. Karatasi ya kiwanda ilikuwa ndani ya shati langu na tayari ilikuwa imelowa jasho.

"Panda pale," Bwana Haraka alisema, akionyesha kasha. Kasha lile lile. "Soma kile ulichoandika. Kwa Kiswahili. Wote wasikie, wajue mtu wa kuharibu anafanywa nini hapa."

Nikapanda. Mafundi walikuwa kumi na moja. Hakuna aliyecheka. Walinitazama jinsi watu wanavyomtazama mbwa wa polisi. Kabange alikuwa mbele, kofia mkononi, sanduku la vyombo limefungwa miguuni pake tayari kwa kuondoka. Hata randa alikuwa ameifunga kwa kitambaa.

Nikalifungua buku kwenye ukurasa mweupe, nikalifunga tena. Ndipo Kabange akasema, polepole, na sauti yake haikuwa na dhihaka hata kidogo.

"Soma, Kalani. Soma muzuri. Leo hatutakucheka."

Nadhani ni hilo. Kama angenitukana, ningesoma uongo ule. Nina hakika.

Nikatoa karatasi ndani ya shati. Nilianza kwa Kifaransa, ili mabwana waelewe kabla hawajanikatiza. Nilisoma aya ya saba yote. Kisha nikaisoma kwa Kiswahili: shaba isiguse alumini ya mashua hii, wala shaba ya njano, wala ubao uliolowekwa dawa ya shaba, kwa kuwa penye maji shaba huila alumini. Kisha nikasema, na sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto wa kwaya, "Aya hii niliiona mwaka jana. Sikuisoma. Niliandika kwamba nimeisoma."

Aliyesogea kwanza ni wakili. Alininyang'anya karatasi mkononi. Aliipitia yote, mbele na nyuma, kisha akaenda mpaka ukutani, kwenye lile pipa. Akachovya kidole, akakitazama kilivyogeuka buluu.

"Pipa hili ni la nani?" aliuliza kwa Kifaransa.

Kila mtu uani anajua pipa ni la nani. Bwana Haraka alilileta mwenyewe na kuamuru kila ubao unaotoka hapa upite humo, kwa sababu alichoka na wateja wanaolalamikia mchwa. Alikuwa anatazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na haraka.

"Na karatasi hii ulipewa wewe," wakili alisema. "Si kalani wako. Wewe."

Akaikunja akaitia katika mfuko wake wa ndani. Alisema anataka ubao mpya na bati jipya, na safari hii bwana wa karakana mwenyewe asome maagizo. Hakumtazama Kabange. Hakumwomba radhi. Alipanda gari lake, vumbi likabaki limesimama katikati yetu.

Basi hasira yote iliyokuwa na watu wawili wa kuigawana ikabaki na mtu mmoja, na mtu huyo akanigeukia mimi. Bwana Haraka aliniita lile jina la nyani wanalotuita wazungu. Alisema nimemwaibisha mbele ya mteja, hakusema nimedanganya. Nililiona hilo hata wakati ule. Alininyang'anya ufunguo wa ofisi. Kuanzia kesho nafanya kazi uani, chini ya Kabange, mpaka mashua itakapomalizika. Baada ya hapo ataamua atakachoandika katika buku langu. Kisha akapanda ngazi na kufunga mlango kwa kishindo hata kalenda ikaanguka ndani, niliisikia.

Nilibaki juu ya kasha kwa sababu sikujua pa kushukia.

Kabange hakuwa ananitazama. Alikuwa amechuchumaa karibu na mashua, na kiganjani ameshika zile ribiti zake za shaba alizozitoa asubuhi. Mbali na vichwa vilivyotobolewa, bado zilikuwa nzima. Alichukua moja akaikwaruza kwa ukucha. Chini ya uchafu ikang'aa.

"Shaba inakula?" alisema, si kwa yeyote. "Shaba?"

Alikuwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mama yake ni mwizi.

Kisha akainuka, akanijia. Kabange ni mtu mkubwa. Mimi nikiwa juu ya kasha, macho yetu yalikuwa sawa.

"Mwaka muzima," alisema. "Ulikuwa nayo mwaka muzima."

"Ndiyo, Baba Kabange."

"Unaniona naloweka mbao ndani ya ile mayi. Siku tatu. Unapita pale na kitabu yako, unaniona."

"Ndiyo, Baba."

"Na kama bale bantu bangekufa ku Mweru?"

Nilishuka kwenye kasha.

"Ningekupiga," alisema, "lakini ile kravati yako itachafula mukono ya miye."

Fundi mmoja alicheka, kicheko kifupi, lakini wengine hawakumfuata. Mwingine alitema mate karibu na kiatu changu. Nilikuwa nimezoea kuchekwa. Hili lilikuwa jambo jingine, na nilielewa kwamba litadumu.

Kabange akanyoosha mkono. "Buku ya miye."

Nikampa. Akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akalisogeza karibu na macho, kisha mbali. Akageuza ukurasa. Akapitisha dole gumba juu ya karatasi nyeupe, taratibu, kama anavyopapasa ubao kutafuta mahali ambapo randa imeruka.

"Umeandika nini humu?"

"Sijaandika kitu, Baba. Ukurasa ni mtupu."

"Njo weye unasema vile."

"Nakuapia."

"Weye uliandika mu kitabu ya bwana ulisoma. Haukusoma. Leo unasema haukuandika." Alilifunga buku, akalitia ndani ya shati lake, upande wa moyo, pale pale ambapo mimi nilikuwa nimeweka karatasi. "Nitapeleka kwa katekista. Yeye njo ataangalia."

Akaokota sanduku lake. Alipofika langoni akageuka.

"Kesho saa kumi na mbili. Usikuye huku na kravati. Na utaisoma tena ile karatasi yote, toka mwanzo."

"Wakili ameichukua, Baba."

"Basi utaisema na kichwa. Weye njo uliyesoma."

Ndivyo siku ilivyoisha.

Nimejaribu sasa hivi kuikumbuka karatasi, aya baada ya aya. Toa mota. Toboa ribiti, usizing'oe. Ubao wa zamani ndio kipimo. Ya nne imenipotea katikati, kitu kuhusu gundi na muda wa kukauka. Ya saba ninayo yote, neno kwa neno, na nadhani nitakufa nayo.

Mke wangu ameleta chakula. Nitamwambia baada ya kunawa: kwamba nimetoka ofisini, kwamba buku langu lipo kwa mtu mwenye hasira, kwamba mtoto wetu huenda akazaliwa kwenye behewa la gari moshi. Nitamwambia pia ile nusu ya pili. Akinyamaza, nitakuwa nimestahili.

Wakati huu Kabange atakuwa amefika parokiani. Katekista huwa anakaa barazani mpaka kengele ya Angelus, sala ya jioni, miwani imefungwa kwa uzi. Atalichukua buku, atalishika karibu na mwanga, atatafuta. Atageuza ukurasa wa mwisho, na uliotangulia, na atarudia kwa sababu Kabange atamwambia arudie. Sina wa kunitetea pale ila karatasi isiyo na wino.

Nimeandika kurasa nyingi nzuri katika maisha yangu. Leo naomba niaminiwe kwa ule mmoja ambao sikuuandika.